Jamala na Eurovision: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ukikaribia mwezi Mei, video ya Jamala akishinda Eurovision, shindano la kila mwaka la nyimbo baina ya nchi, nyingi zikiwa za Ulaya, kule Stockholm, Sweden, mwaka 2016, inaanza tena kuzunguka kwenye simu za watu: mwanamke mwenye gauni la buluu iliyoiva, yuko peke yake jukwaani, hana wachezaji wala moto wa kurushwa, anaimba kwa lugha ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Baada ya hapo maswali hayaishi. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi, pamoja na majibu yake.

Jamala ni nani?

Ni mwimbaji na mtunzi kutoka Ukraine, Mtatari wa Krimea (kabila la wenyeji wa Krimea, rasi iliyoko kusini mwa Ukraine) kwa upande wa baba na Mwarmenia kwa upande wa mama. Jina lake kamili ni Susana Jamaladinova. La jukwaani amelikata kutoka kwenye jina la ukoo. Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1983. Nje ya Ukraine anajulikana kwa ushindi wa Eurovision wa 2016, lakini nyumbani kwao alikuwa na jina kabla ya hapo, na kazi aliyoifanya baadaye, kwa maoni yangu, ni nzito kuliko ule wimbo wa ushindi.

Kama kwao ni Krimea, mbona alizaliwa Kirgizia?

Jibu la swali hili ndilo linalobeba maswali mengine yote, kwa hiyo tulichukue taratibu.

Tarehe 18 Mei 1944 askari wa polisi wa siri wa Stalin waliingia kwenye nyumba za Watatari wa Krimea alfajiri, wakawapa dakika chache za kukusanya walichoweza kubeba, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo. Ndani ya siku tatu hivi, watu wapatao 200,000 walikuwa wameng'olewa kwao na kupelekwa Asia ya Kati, wengi wao Uzbekistani. Kosa walilobandikwa ni kushirikiana na Wajerumani. Walilipa wote, hata familia ambazo baba zao walikuwa bado vitani upande wa jeshi la Kisovieti.

Ndiyo maana Jamala alizaliwa Osh, mji ulioko Kirgizia ya leo. Watatari hawakuwa na ruhusa ya kurudi kwao kwa wingi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na hata hapo kununua nyumba Krimea kulikuwa na vikwazo kwa mwenye jina la Kitatari. Wazazi wake walipata njia: walitalikiana kwenye karatasi, mama akanunua nyumba kwa jina lake yeye Mwarmenia, familia ikahamia. Kijiji chenyewe ni Malorichenske, ufukweni, karibu na mji wa Alushta. Huko ndiko alikokulia.

Ni kweli alisomea opera?

Kweli kabisa. Alipita chuo cha muziki cha Simferopol, kisha akaenda Kyiv kwenye Chuo cha Taifa cha Muziki cha Tchaikovsky, akahitimu kama mwimbaji wa opera. Ila jazi ilimteka akiwa bado mwanafunzi. Ukimsikiliza vizuri utaona vitu vitatu vinagombania koo moja: pumzi ya opera, uhuru wa jazi, na ile mizunguko ya sauti ya Kitatari ambayo kwa msikilizaji aliyezoea taarabu haitakuwa ngeni sana.

Alianza lini kushindana kwenye runinga?

Jina lake lilitoka mwaka 2009 kwenye New Wave, shindano la waimbaji chipukizi lililokuwa likifanyika Jūrmala, Latvia, na kuonyeshwa katika nchi nyingi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti. Alitwaa tuzo kuu, akaigawana na Sandhy Sondoro wa Indonesia. Enzi hizo, kwa msanii wa Ukraine, New Wave ilikuwa mlango wa soko la Urusi, na soko la Urusi ndilo lilikuwa na hela. Likumbuke hilo, kwa sababu litarudi tukifika 2019.

Mwaka 2011 kulitokea nini? Wengine wanasema alidhulumiwa.

Mwaka 2011 Jamala aliingia kwenye mchujo wa kitaifa wa Ukraine, wa kumpata mwakilishi wa Eurovision, na wimbo wa kuchangamsha uitwao "Smile". Watu waliupenda. Matokeo yalipotoka, Mika Newton alikuwa wa kwanza, Zlata Ognevich wa pili, Jamala wa tatu. Kelele zikaanza pale pale kuhusu jinsi kura zilivyohesabiwa, hadi kituo cha runinga cha taifa kikatangaza kwamba fainali ingerudiwa kati ya hao watatu. Jamala na Zlata wakakataa kushiriki marudio, kwa hiyo Mika Newton akabaki na tiketi yake. Alikwenda Düsseldorf, Ujerumani, akamaliza wa nne.

Alidhulumiwa? Lililo wazi ni kwamba mfumo wa kura uliwapotezea watu imani, na lawama hazikuwa za Mika. Zlata alirudi 2013 akaipeleka Ukraine nafasi ya tatu. Jamala alikaa pembeni miaka mitano, akatoa albamu tatu katika kipindi hicho, na aliporudi hakuja tena na wimbo wa kutabasamu. Ninavyoona mimi, ile nafasi ya tatu ilimfaa. Angekwenda Ujerumani na "Smile" angepata makofi mazuri, na leo tungekuwa tunamkumbuka kama tunavyowakumbuka waimbaji wengi wa nafasi ya saba.

Wimbo "1944" unasimulia nini?

Jamala ni kitukuu cha mwanamke aitwaye Nazylkhan. Mwaka ule wa 1944 Nazylkhan alikuwa mama kijana mwenye watoto watano, wavulana wanne na msichana mmoja, na mume wake alikuwa vitani. Walipakiwa behewani kama wengine. Njiani yule binti alifariki, na hawakuruhusiwa kumzika. Jamala aliisikia habari hii nyumbani tangu utotoni.

Beti ziko kwa Kiingereza. Kiitikio ni cha Kitatari cha Krimea, na kimechukuliwa kutoka kwenye wimbo wa jadi wa watu wake, wimbo wa uhamishoni. Maana yake kwa ufupi ni kwamba mwimbaji hakuushiba ujana wake katika nchi yake kwa sababu hakupewa nafasi ya kuishi humo. Mwanzoni unasikia duduki, ile zumari ya Kiarmenia yenye sauti ya mtu anayelia kwa kujizuia, chini yake kuna mdundo wa kompyuta. Sikiliza hasa pale kabla ya kiitikio cha mwisho: ala zinapungua, anavuta sauti moja ndefu isiyo na maneno, anaipandisha, anaivunja, anaipandisha tena. Halafu mti wa mwanga unachipuka nyuma yake. Wimbo mzima hauzidi dakika tatu, kwa kuwa kanuni haziruhusu zaidi.

Eurovision si inakataza siasa? Ulipitaje?

Inakataza. Kanuni za waandaaji, Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, zinazuia maneno na ishara za kisiasa, na huwa hawatanii: mwaka 2009, fainali ikiwa Moscow, waliiambia Georgia ibadilishe maneno ya wimbo yaliyosikika kama kijembe kwa Putin, Georgia ikagoma na kujitoa.

Safari hii wanasiasa wa Urusi walilalamika kwamba wimbo wa Jamala unawapiga wao, kwa sababu Urusi ilikuwa imeinyakua Krimea miaka miwili tu nyuma, 2014. Waandaaji waliusoma wakaamua, Machi 2016, kwamba jina wala maneno yake hayana siasa: ni historia. Jamala naye alishikilia kwamba anasimulia habari ya familia yake.

Tusidanganyane hapa. Kila aliyekuwa anatazama alijua habari, na yeye mwenyewe alijua kwamba wanajua. Lakini wimbo hautaji Urusi, hautaji Krimea ya 2014, haumtaji kiongozi yeyote. Ukiukataa, ina maana mtu ambaye ukoo wake ulifurushwa hana ruhusa ya kuusimulia ukoo wake kwa sababu ya habari za leo. Waandaaji waliamua sawa, hata kama kwao huenda uamuzi huo ulikuwa pia wa kukwepa ugomvi.

Baada ya ushindi lilizuka jingine: kumbe toleo la awali la wimbo huo liliwahi kuimbwa kwenye tamasha dogo Mei 2015, ilhali kanuni zinataka nyimbo zisiwe zimetoka kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia shindano. Waandaaji walisema haukumpa faida yoyote, shauri likafungwa.

Nimeona hakuongoza kwa majaji wala kwa watazamaji. Alishindaje sasa?

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwaka 2016 ndio mara ya kwanza kwa kila nchi kutoa mafungu mawili ya pointi yaliyotengana: moja la jopo la majaji wa muziki, jingine la kura za watazamaji. Kila fungu linatoa 12 kwa wimbo wa kwanza, 10 kwa wa pili, kisha 8 hadi 1. Huwezi kuipigia kura nchi uliyomo unapopiga.

Majaji walimpenda zaidi Dami Im wa Australia: pointi 320. Jamala alikuwa wa pili kwao na 211. Watazamaji wakampa kipaumbele Sergey Lazarev wa Urusi: 361. Jamala wa pili tena, 323. Sasa jumlisha. Australia ilivuna 191 tu kwa watazamaji, ikaishia 511. Urusi ilikuwa na 130 tu kwa majaji, ikaishia 491. Jamala, ambaye hakuangushwa na upande wowote, akapata 534.

Na kuna kipande ambacho wanaopenda kuchochea hukisahau. Majaji wa Ukraine hawakuipa Urusi hata pointi moja, na majaji wa Urusi hawakuipa Ukraine hata moja. Lakini watu wa kawaida majumbani? Watazamaji wa Ukraine waliipa Urusi 12, za juu kabisa. Watazamaji wa Urusi waliipa Ukraine 10.

Nyumbani pia alipita kwa tundu la sindano. Kwenye fainali ya mchujo, Februari 2016, alifungana pointi na bendi ya The Hardkiss baada ya kujumlisha majaji na watazamaji. Kanuni ilisema wakifungana, kura za watazamaji zinaamua, na huko alikuwa na zaidi ya asilimia 37. Majaji walikuwa mwimbaji Ruslana, mtunzi Konstantin Meladze na mchekeshaji Andriy Danylko, yule anayejulikana zaidi akivaa kama Verka Serduchka, mhusika wake wa kike.

Mshindi analipwa kiasi gani?

Hakuna zawadi ya fedha. Anapewa kombe la kioo lenye umbo la maikrofoni, na nchi yake inaalikwa kuandaa shindano mwaka unaofuata, yaani inapokea bili. Faida ya msanii inakuja baadaye, kwenye matamasha na mauzo. Jamala alitunukiwa pia hadhi ya Msanii wa Watu wa Ukraine, heshima ya kitaifa.

Ni yeye yule aliyevamiwa jukwaani na mtu akavua suruali?

Ndiye. Ilikuwa Kyiv, fainali ya 2017, yeye akiwa mgeni anayeimba wakati kura zinahesabiwa. Mtu mmoja aliyejifunga bendera ya Australia alipanda jukwaani, akageuka, akaonyesha makalio mbele ya kamera. Watu wakawalaumu Waaustralia bure. Alikuwa Mukraine anayejulikana kwa vituko vya aina hiyo. Jamala hakuacha kuimba.

Ile habari ya kumuuliza msanii "Krimea ni ya nani?" ikoje?

Baada ya kushinda, Jamala alikaa upande wa pili wa meza: jaji wa mchujo wa kitaifa kwa miaka kadhaa, na kocha kwenye The Voice ya Ukraine, shindano la waimbaji la runinga. Februari 2019, kwenye fainali ya mchujo, alimuuliza mshiriki aitwaye Maruv, mubashara, kama Krimea ni Ukraine. Maruv akajibu ndiyo. Akashinda usiku ule.

Lakini Maruv alikuwa na matamasha yaliyopangwa Urusi. Kituo cha taifa kikamwekea mkataba wenye masharti, likiwemo la kufuta safari hizo, na akakataa kusaini. Wakamgeukia aliyefuata, akakataa; wa tatu, akakataa. Mwaka huo Ukraine haikwenda Eurovision kabisa.

Hapa mashabiki wamegawanyika hadi leo. Wapo wanaosema jaji wa muziki hana kazi ya kumhoji msanii kama afisa wa uhamiaji. Nawaelewa. Na yeye mwenyewe aliingia mjini kupitia New Wave, kwa soko lile lile. Ila mwaka 2009 Krimea ilikuwa bado haijachukuliwa. Kwa mtu ambaye kwao ni ufukwe wa Alushta, lile lilikuwa swali la nyumbani, na kukaa kwenye kiti kile bila kuliuliza kungekuwa unafiki. Nisichokubaliana nacho ni mahali: kuulizwa jambo kama hilo mubashara, msanii akiwa bado anahema, hakumpi nafasi ya kusema zaidi ya ndiyo au hapana.

Mambo hayakuishia pale. Februari 2022, Jamala akiwa tena kwenye jopo, aliyeshinda mchujo, Alina Pash, alijitoa kwa sababu ya maswali kuhusu safari aliyowahi kuifanya Krimea. Waliokuwa wa pili, Kalush Orchestra, wakachukua nafasi. Miezi mitatu baadaye walikuwa mabingwa wa Ulaya.

Ni Mwislamu?

Ndiyo. Watatari wa Krimea kwa wingi wao ni Waislamu wa Kisuni. Aprili 2017 alifunga ndoa na Bekir Suleimanov, na nikaha ilifanyika kwenye kituo cha utamaduni wa Kiislamu mjini Kyiv. Wana watoto.

Vita vilipoanza 2022 alikuwa wapi?

Alikuwa Kyiv. Aliondoka na watoto wake wadogo, akavuka mpaka, akaishia Uturuki. Mume wake alibaki Ukraine. Siku chache baada ya kutoka, tarehe 4 Machi, alikuwa kwenye jukwaa la runinga Ujerumani, kwenye mchujo wao wa Eurovision, akiuimba wimbo wake wa 2016 na bendera ya Ukraine mkononi. Itazame video hiyo ukishamaliza ya Stockholm. Sauti ni ile ile, lakini uso ni wa mtu ambaye hajalala. Aliyekuwa akisimulia habari ya kitukuu anayemkumbuka bibi, sasa ni mama aliyekimbia na watoto wake.

Novemba 2023 Urusi ilimweka kwenye orodha ya watu inaowatafuta, kwa tuhuma za kueneza habari za uongo kuhusu jeshi lake.

Baada ya Eurovision alipotea, au bado anatoa kazi?

Hakupotea. Kazi ya kuisikiliza ni albamu "Qirim", iliyotoka Mei 2023, siku chache kabla ya Eurovision kuanza Liverpool, Uingereza ikiandaa kwa niaba ya Ukraine. Ina nyimbo 14 za jadi za Watatari, zilizokusanywa kutoka pande mbalimbali za rasi ya Krimea na kupigwa na okestra kubwa pamoja na ala za kwao. Hakuna Kiingereza humo. Mwaka 2024 ilimpatia Tuzo ya Shevchenko, tuzo kubwa kabisa ya utamaduni nchini Ukraine. Wapo wanaoiona nzito mno kwa msikilizaji wa kawaida. Iwekee spika nzuri kabla hujahukumu.

Ruslana, Jamala, Kalush: nani mkali zaidi?

Ukraine ilianza kushiriki 2003 na imeshinda mara tatu. Ruslana alishinda Istanbul 2004 kwa pointi 280, na ngoma na mavazi ya ngozi yaliyochota kwa Wahutsuli wa milima ya Karpati. Kalush walishinda Turin 2022 kwa pointi 631, zikiwemo 439 za watazamaji, kisha wakaliuza kombe lao kwa dola 900,000 ili kuchangia jeshi. Kwa kuchangamsha ukumbi, Ruslana hana mpinzani. Kwa sauti, sioni ubishi: Jamala.

Nikiwa Mombasa, Dar, au Muscat naweza kupiga kura?

Unaweza. Tangu 2023, watu walioko nchi zisizoshiriki wanapiga kura kwa intaneti kupitia tovuti rasmi, wakilipia kwa kadi ya benki. Kura zote za dunia nyingine zinajumlishwa na kutoa pointi kama nchi moja, kwa hiyo usitegemee Bongo pekee igeuze matokeo. Awali mtu aliruhusiwa kura 20. Kwa 2026 zimepunguzwa kuwa 10. Mlioko Ujerumani, Sweden au Uingereza mnapiga kama wakazi wa huko.

Fainali huwa Jumamosi, saa nne usiku kwa Afrika Mashariki, na saa za Kyiv wakati wa kiangazi ni sawa kabisa na za Nairobi. Muscat ni saa tano, London saa mbili, Toronto saa tisa alasiri. Inaendelea kama saa nne nzima, kwa hiyo kahawa ni muhimu. Na kabla hujauliza: ndiyo, nchi ya Afrika imewahi kushiriki. Ni Morocco, mara moja tu, mwaka 1980.

Nianze na wimbo upi?

Anza na "Smile" ili ujue alikotoka, kisha "1944" ya Stockholm, si ya studio. Ukimaliza hapo nenda "Qirim" kuanzia wimbo wa kwanza, uiache icheze hadi mwisho bila kuruka.